Hogo chini ya sweta

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 27, naishi Chinyoyo hapa Dodoma na mama yangu mzazi pamoja na mtoto wa dada yangu. Dada yuko Uingereza, mji wa Leeds, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Aliondoka Agosti 2024 akamwacha mtoto ana miaka mitano. Alitaka kwenda naye, ila sheria ya kule ilishabadilika tangu Machi mwaka huo, waliokwenda kwa kazi hiyo hawakuruhusiwa tena kuingia na watoto wala wenza wao. Baba wa mtoto alishaoa kwingine, kwake tunapata salamu za Krismasi na basi. Hivyo mtoto akabaki kwetu. Mimi ananiita mama mdogo, na usiku analala na bibi yake.

Jumamosi moja mwezi huu dada alituma hela ya shule, nikatoka kwenda kwa wakala kuitoa. Kutoa hela hakukuchukua hata dakika tano, lakini pale nilimkuta mtu tunayefahamiana, tukasimama tukaongea kama dakika ishirini. Nikiwa narudi nikaona watoto wa jirani wanakuja mbio. Nyuma ya nyumba zetu kuna jiwe kubwa. Watoto hukata dumu la mafuta ya kupikia, wakalikalia, wakateleza kutoka juu mpaka chini. Kijana wetu alishuka, dumu likabaki juu, yeye akaja peke yake na kutua kwa kiganja.

Hakulia sana. Nilimkuta amekaa chini, mkono wa kushoto ameushika kwa mkono wa kulia kama mtu aliyebeba kifaranga. Nikamfunga khanga shingoni, mkono ukalala ndani yake, tukapanda bajaji mpaka hospitali. Wakampiga picha. Daktari akasema mfupa umejikunja kidogo upande mmoja, juu ya kifundo cha mkono, haujakatika na hakuna haja ya kuuvuta. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia chini ya kiwiko mpaka kwenye kiganja, vidole nje, turudi baada ya wiki tatu. Kwa kuwa ameshavuka miaka mitano hakukuwa na cha bure, tulilipa, na hela niliyolipa ni ile ile ya shule niliyotoka kuitoa.

Usiku ule nilitaka kumpigia dada, mama akanizuia. Alisema, "Huyo yuko mbali, atafanya nini? Atalia tu, mwisho amdondoshe mzee wa watu wamfukuze kazi. Hogo litatolewa, mtoto atapona, yataisha." Nikanyamaza. Na Shangazi nisikudanganye, nilinyamaza kwa nafuu, niliona mama ameniokoa.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Dada hupiga simu ya video karibu kila siku. Kwa vile Julai hii kuna baridi na upepo, mtoto anavaa sweta la mikono mirefu, nami namkalisha mezani kamera ishike uso na shingo tu. Hela ya shule nilisema nimenunua viatu na madaftari. Juzi dada akamwambia, "Hebu nioneshe hayo madaftari mapya." Mtoto akaanza kunyanyua mkono, akasita, akanitazama mimi kwanza. Halafu akachukua daftari la zamani kwa mkono wa kulia. Dada akacheka, akasema mwanangu siku hizi amekuwa mpole. Simu ilipokatika niliingia chumbani nikakaa kitandani muda mrefu.

Upande wa mkono wenyewe, maumivu yameisha ila unamwasha. Nimemkuta mara mbili ameingiza kalamu ya wino ndani ya hogo anajikuna. Mama naye anasema hospitali wamemfunga tu, hawajamtibu. Anataka tulikate hilo hogo aukande mfupa kwa mafuta ya alizeti, kama alivyokuwa akifanya bibi yake vijijini huko Kongwa. Mpaka sasa nimemzuia.

Zimebaki siku tisa. Je, nivumilie tumalize salama, au nimwambie dada sasa? Na nikimwambia, namwambiaje bila kuonekana nimemgeuka mama? Dada ana hasira, na ndiye anayetulisha. Naogopa atamhamishia mtoto kwa shangazi zake upande wa baba.

Mama Mdogo, Chinyoyo

*

Marahaba mwanangu.

Mwambie. Kama leo haiwezekani, kesho jioni. Siku tisa ni chache kwa mfupa, lakini kwa huyo mtoto ni simu tisa za video, na katika kila moja atakutazama wewe kabla ya kumjibu mama yake.

Hilo la kukutazama ndilo lililonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine. Mtoto wa miaka sita ameshika kwamba akiumia kuna mtu hatakiwi kujua, na mtu huyo ni mama yake mzazi. Nyinyi mlikuwa na nia njema, najua. Yeye nia haioni, ameshika kanuni. Siku mtu mwenye nia mbaya akimgusa huko njiani na kumwambia "usimwambie mama", atamkuta ameshazoea, tena alizoeshwa na watu anaowapenda. Kwa hiyo kabla ya dada, anza na yeye. Mkalishe, mwambie, "Nilikosea kukuambia ufiche mkono. Leo tutamwonesha mama." Usimweleze mengi. Tazama tu mabega yake yatakavyoshuka.

Sasa mkono. Mimi nimekulia chini ya kilima cha Mlimwa, hapo hapo Dodoma, na kovu lililo kwenye goti langu nililipata kwenye mawe hayo hayo. Sisi tulikalia kipande cha bati, dumu ni maendeleo. Mama alikuwa hahitaji kuuliza tumeshinda wapi, aligeuza gauni nyuma akaona. Nasema hivi ili ujue kwamba mtoto wa Dodoma kuanguka kwenye jiwe si ushahidi wa malezi mabaya.

Chukua bua kavu la mtama ulikunje, litakatika vipande viwili. Chukua bua bichi, litabonyea upande mmoja huku nyuzi zake bado zimeshikana. Mifupa ya watoto ni bua bichi. Anayeanguka na kutua kwa kiganja, uzito wote hupanda mpaka pale juu kidogo ya kifundo cha mkono, na pale ndipo mfupa hubonyea. Madaktari wanauona mvunjiko huo kila mara kwa watoto, hauhitaji kuvutwa, na wiki tatu hivi mara nyingi zinatosha. Hapo mama yako amesema neno lenye ukweli ndani yake bila kujua: ni kweli wamemfunga tu. Kinachounga mfupa ni mwili wa mtoto mwenyewe, hogo liko pale kuutuliza ili usisumbuliwe wakati unajiunga. Kuukanda sasa hivi ni kuusumbua. Lakini usimwambie mama kwamba dawa yake ni ujinga. Alilelewa na watu ambao wangemsubiri daktari wangesubiri mpaka leo. Mwambie mafuta ya alizeti yana siku yake, na siku hiyo inakuja: hogo likitoka, ngozi ya chini itakuwa kavu, inabanduka magamba, na mkono wenyewe umekonda kidogo. Hapo bibi apake mafuta juu ya ngozi, taratibu, bila kukandamiza wala kuvuta. Mjukuu atafurahi na bibi atakuwa amemaliza kazi yake.

Kalamu mnyang'anye leo. Kidonda kikianza ndani ya hogo hamtakiona, mtakinusa, na hapo kitakuwa kimeshachimba. Kama ncha au kifuniko cha kalamu kimebaki humo ndani, mrudisheni hospitali bila kusubiri tarehe. Mkono ukiwasha, gonga hogo kwa nje kwa vidole, au mwambie akune mahali hapo hapo kwenye mkono mwingine. Utacheka, lakini mara nyingi inasaidia. Wakati wa kuoga mkono uwe nje ya beseni, umefungwa kitu kisichopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliisahau tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019, ila ule unaokuja na mkate bado upo, na unamtosha mtoto wa umri huo.

Kila asubuhi na kila usiku tazama vidole vyake. Vikivimba, vikipauka au kugeuka rangi ya bluu, vikiwa vya baridi kuliko vya mkono mwingine, akisema vinakufa ganzi, akishindwa kuvikunja, maumivu yakirudi na kuzidi, akipata homa, au hogo likianza kunuka: usihesabu siku zilizobaki, nenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Likilowa likawa laini au likipasuka, vilevile rudini.

Mwandae pia kwa siku ya kulitoa. Ile mashine ina kelele kama ya fundi seremala, na watoto wengi hulia kwa kelele kuliko kwa kitu kingine. Mwambie mapema kwamba kisu chake hakizunguki, kinatetemeka tu. Kinakata kigumu, na ngozi ya mtu kinaitekenya. Baada ya hapo mpira na jiwe vingoje mpaka daktari aseme. Jiwe lenyewe hamwezi kulihamisha, ila madumu yaliyokatwa mnaweza kuyakusanya. Zungumza na mama wa jirani, fanyeni wote siku moja, vinginevyo mtoto wako ataazima la mwenzake.

Nirudi kwa dada. Barua yako imeeleza mambo mengi ya mkono na sentensi moja tu ya kwa wakala, na nadhani sentensi hiyo ndiyo inayokunyima usingizi. Zile dakika ishirini. Hebu tuzipime: ungekuwa jikoni unasonga ugali, mtoto angeteleza vilevile. Hao watoto wa jirani mama zao walikuwepo, na walikuwa juu ya jiwe lile lile. Mtu uliyesimama naye simuulizi, hayo ni yako. Ila usiziache nje ya maelezo yako. Dada asipozisikia kwako atazisikia kwa mwingine, na Chinyoyo ina watu wa kutosha wa kumsimulia. Na hela pia: tafuta risiti ya picha na ya hogo, zipige picha, umwambie wazi kwamba viatu na madaftari havikununuliwa.

Mama ndiye wa kwanza kumfuata. Usimwombe ruhusa, maana umeshaamua, mwombe akae. "Mama, hili jambo limenishinda kulibeba. Leo jioni namwambia dada. Naomba uwe pembeni yangu." Atanuna. Kumbuka kwamba wewe unamlinda mtoto wa dada, yeye anamlinda mtoto wake, na mtoto wake ni huyo aliyeko Leeds anayeinua wazee usiku kucha. Kwenye simu usiseme "mama alinikataza", hata ukibanwa. Sema "tuliona tusikuhangaishe, tukakosea". Mama mwenyewe akitaka kusema lake, atasema.

Saa nayo ni muhimu. Kwa majira haya Leeds iko nyuma yetu kwa saa mbili. Akitoka zamu saa mbili asubuhi ya kwao, sisi huku ni saa nne. Usimpigie hapo, yuko kwenye basi, macho mekundu, na ukimwambia hatalala, na usiku anatakiwa arudi kazini. Mwache alale. Akiamka saa tisa mchana, kwetu ni saa kumi na moja jioni, mtoto katoka shule na mwanga bado upo wa kuonea vidole vizuri.

Wala usimtangulizie ule ujumbe wa "Dada ukiamka nipigie, kuna jambo." Mimi nilikaa Lusaka miaka minne. Simu ya nyumbani ikilia saa isiyo yake, kabla sijapokea nilikuwa nimeshazika watu watatu. Anza na yaliyo salama, mtoto akiwa mbele ya kamera: "Dada, huyu hapa mzima, anacheka. Nataka kukuambia jambo lililotokea Jumamosi ile uliyotuma hela." Kisha mwambie kwa mpangilio, jiwe, mkono, hospitali, daktari alisema nini, leo ukoje, hogo linatoka lini. Halafu ndiyo useme mlimficha, na ulimdanganya hela. Mtoto apandishe sweta mwenyewe.

Dada atafoka. Ana haki, mwache. Anaweza kukata simu, na akikata usimfukuzie na ujumbe ishirini wa samahani. Tuma picha ile ya mfupa, umeishikilia dirishani ionekane, na karatasi yenye tarehe ya kurudi hospitali. Kisha subiri.

Akipiga tena, mpe kazi. Hapa ndipo wengi wetu tuliobaki nyumbani tunapokosea, na sisemi kwa kukulaumu wewe tu. Tunadhani aliye mbali anahitaji kupewa habari njema, tunazipamba, tunamtumia. Kumbe anachokosa ni nafasi. Dada yako mwaka mzima anatuma hela, na hela ndiyo kitu pekee mlichomwachia afanye kama mama. Hili la mkono lilikuwa lake kabisa, na mkalifunika kwa sweta. Tena fikiria: anatunza wazee, watu wanaoanguka na kuvunjika mikono na nyonga. Katika familia yenu yeye ndiye anayejua hogo kuliko wote. Mwambie, "Dada, vitazame vidole, viko sawa?" Mwambie aseme maswali ya kumuuliza daktari, uyaandike. Siku ya kwenda kulitoa, wauguzi wakiruhusu, mshikie simu asikie kelele ya ile mashine na amsemeshe mwanawe hapo hapo. Mama akianza tena habari ya kukanda, dada ndiye azungumze naye, wewe kaa pembeni.

Kuhusu kuhamishiwa kwa shangazi zake, sitakuahidi kitu, mtoto ni wake. Akilitaja usibishane siku hiyo hiyo. Mwulize umepangaje dada, umsikilize mpaka mwisho. Mtu aliyejua siku ya kumi na mbili kwa mdomo wako ana maneno tofauti na yule aliyejua baada ya miezi miwili kwa mdomo wa jirani.

Na hogo msilitupe tupu. Watoto hupenda kuandikiwa juu yake. Acheni sehemu iliyo wazi karibu na kiwiko. Dada akishamaliza kulia na kufoka, mwulize anataka liandikwe neno gani pale, uliandike wewe, kwa kalamu ile ile mliyomnyang'anya mtoto.

Shangazi